Sabule: chumba cha mgeni kilichozaa gesti yetu Lamu

Wiki hii tumefumua dari ya sabule. Boriti sita zimeoza kwenye ncha zile zilizoingia ukutani, maji ya masika yamekuwa yakipenya pole pole miaka na miaka, na kwa kuwa sasa ni msimu wa upepo wa kusi na wageni hakuna tukasema ndo wakati wenyewe, samadari, kile kitanda cha mgeni, tukaitoa tukaiweka msanani tukaifunika turubai, fundi akapanda na vijana wake wawili. Mimi tangu asubuhi niko hapa nimejaa vumbi la chokaa mpaka kwenye kope. Na nikiwa nimekaa nikaona leo niandike habari ya hii nyumba, manake kila msimu wa upepo wa kaskazi mgeni hakosi kuniuliza hoteli yenu ilianza lini, na mimi jibu fupi sina.

Jibu la karatasi lipo. Bibi yangu alianza kupokea wageni wa kulipa mwanzoni mwa miaka ya sabini, kitabu cha kwanza cha majina kipo kabatini, karatasi zishakuwa rangi ya chai. Lakini chumba alichowapa hakukijenga yeye na hakikujengwa kwa ajili ya watalii, kilikuwa hapa kinangoja mgeni kabla hata bibi hajazaliwa, na hiyo ndo habari ninayotaka kuisema.

Kwa asiyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Lamu nieleze kidogo. Unatoka kichochoroni unapanda daka, yaani ukumbi wa nje wa mlangoni, hapo pana baraza mbili za kukaa watu, mlango, halafu tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, unazunguka kona kwa makusudi ili wa nje asione ndani, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ambao uko wazi juu, kisha misana miwili, kumbi ndefu zilizofuatana, kisha ndani kwenyewe penye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, ukuta mzima, na nyuma kabisa ni nyumba kati, humo ndimo wanawake walikuwa wakijifungulia na humo ndimo maiti huoshwa. Kila ukiingia zaidi ndivyo unavyozidi kuwa mtu wa nyumba. Sasa mgeni mwanamume ambaye si ndugu utamweka wapi? Ndo pakawa na sabule, chumba chake mbali, na hapa kwetu kiko juu na kina ngazi yake inayoanzia pale pale tekani, mgeni anatoka alfajiri kwenda msikitini na anarudi usiku na hajaonana na mwanamke wa nyumba hii hata mara moja.

Na huyo mgeni hakuwa wa siku mbili tatu. Wote tumelelewa na ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini kwa mfanyabiashara wa baharini haikuwa ikifanya kazi, yeye alikuja na kaskazi mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza na hawezi kurudi kwao mpaka upepo ugeuke uwe kusi, hiyo ni mpaka mwezi wa nne au zaidi, iwe anatoka Suri ya Omani, iwe Mukalla ya Yemen, iwe Kuwait. Miezi mitatu minne mtu yuko juu kwako. Anakula kwako, mali yake iko ghalani kwako, wewe ndo unamjua nani mkweli mjini na nani atamkopa asilipe. Upepo ndo uliokuwa ukipanga siku za kukaa, si mwenye nyumba.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, aliyaona haya haya 1331. Lamu hakutua, alipita Mogadishu, halafu Mombasa na Kilwa, lakini aliyoyaandika ya Mogadishu nikiyasoma naona kama anaelezea ngazi yetu. Anasema chombo kikifika, vijana wa mji wanakitokea na mashua ndogo, kila mmoja kabeba sahani ya chakula imefunikwa, anamkabidhi mfanyabiashara mmoja aliyemo chomboni na kusema huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara akishuka haendi kwengine ila nyumba ya yule kijana, na huyo mwenyeji ndiye anayemuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Yaani chakula kinatangulia hata kabla mtu hajakanyaga nchi kavu. Mimi kila nikienda uwanja wa ndege kule Manda kumpokea mgeni na boti, nikishika lile bango lenye jina lake, nafikiria ile sahani iliyofunikwa. Siku hizi nabeba chupa ya juisi ya ukwaju.

Babu yangu alikuwa mtu wa boriti. Hakuwa tajiri, alikuwa kati, anapokea boriti zilizokatwa kwenye mikoko ya upande wa kaskazini huko kuelekea Kiunga, anazipanga kwa skoa skoa, yaani ishirini ishirini, ufukweni na majahazi ya Ghuba yanakuja kuzichukua. Huko kwao miti hakuna, nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain zimeezekwa kwa boriti zetu. Walileta tende, papa mkavu, mazulia, chumvi, wakaondoka na boriti. Na hapa kuna jambo nalipenda sana, boriti ya mkoko ina urefu wake, kama futi 9 hivi ndo inabeba dari nzito ya mawe na chokaa bila kupinda, ukiitaka ndefu zaidi itakuangusha. Kwa hiyo vyumba vyetu vyote ni vyembamba na virefu. Wageni huuliza kwa nini mmejenga vyumba kama ujia, nawaonesha dari, nawaambia huo mti ndo uliopima. Kuna mwaka alikuja mzee mmoja wa Kuwait na wanawe, akaingia sabule, akasimama katikati akanyoosha mikono pande mbili akanyamaza. Halafu akamwambia mwanawe kitu kwa Kiarabu na mwanawe akanitafsiria: chumba cha bibi yake kilikuwa na upana huu huu.

Biashara ile ilikufa polepole. Mafuta yakapatikana Ghuba, watu wakaanza kujenga kwa saruji na chuma, majahazi yakapungua kila kaskazi, na 1982 serikali ikapiga marufuku kabisa kupeleka boriti nje. Babu hakuiona hiyo marufuku, alitangulia mbele ya haki kabla. Lakini alikuwa ameshaona sabule tupu kaskazi mbili mfululizo, na mama anasema hicho ndicho kilichomvunja zaidi ya hata pesa, akipanda juu jioni anafungua madirisha, anakaa kidogo peke yake, anashuka.

Ndo wakaja mahipi. Miaka ile ya mwisho ya sitini na mwanzo wa sabini Lamu ilikuwa njiani mwao, vijana wa Ulaya na Marekani nywele mabegani, wanapanda malori ya mizigo mpaka Mokowe upande wa bara halafu mashua. Hoteli zilikuwepo. Petley's pale mbele ya bahari ilikuwapo tangu zamani, ya yule Mwingereza Percy Petley, na Peponi kule Shela ilifunguliwa 1967, nayo ni ya familia, iliyotoka Ulaya ikaja ikakaa. Lakini wale vijana hawakuwa na pesa ya Petley's wala ya Peponi. Walikuwa wakilala juu ya mapaa, wengine ufukweni.

Wa kwanza kufika kwa bibi waliletwa na nahodha. Huyu nahodha alikuwa rafiki ya babu, aliwachukua watu wawili Mombasa, mume na mke, akafika nao usiku na hana pa kuwaweka, basi akaja akapiga hodi, akasema, "Bi mkubwa, nimekuletea wageni, sabule i wazi?" Bibi akatoka akasimama tekani. Alikuwa mjane ana watoto watatu na mdogo ana miaka saba. Akamjibu, "Kwani sabule ilifungwa lini? Wapandishe yuu." Asubuhi akawapelekea mkate wa mofa na chai ya tangawizi kwenye sinia limefunikwa kawa, akaliweka ngazini akagonga akashuka. Walikaa wiki tano. Wakati wa kuondoka yule mwanamke akampa shilingi kumi kumi kadhaa amezifunga kwenye leso, bibi akakataa, mwanamke akaziacha chini ya mto. Mama anakumbuka bibi alivyozikuta. Alikaa nazo mkononi kitambo, halafu akaenda kulipa deni la mchele.

Tangu hapo ikawa nahodha akipata watu anawaleta. Bibi hakuwahi kuiita hoteli. Kwanza kwetu hoteli ni pa kula, unasema naenda hoteli unamaanisha unaenda kunywa chai na mahamri, na bibi alichukia kusikia eti yeye ana hoteli, alikuwa akisema mimi nina wageni. Neno gesti lililetwa na mjomba baadaye alipokwenda kuandikisha leseni.

Jambo jengine ambalo watu wa nje hawalijui, hii nyumba ilikuwa ya bibi, si ya babu. Familia nyingi za zamani za mtaa wetu wa Mkomani desturi ilikuwa hiyo, baba anamjengea bintiye nyumba, akiolewa anapewa, na mume ndo anahamia. Hata wikio lile linalopita juu ya kichochoro chetu lilijengwa kwa sababu hiyo, mama yake bibi alikuwa nyumba ya pili, wanapitiana kwa juu bila kushuka njiani. Kwa hiyo bibi alipoamua kuongeza vyumba vya wageni hakumwomba mtu ruhusa. Alivuka wikio akamwambia mamake, mamake akasema sawa lakini nyumba kati usiwape, na mpaka leo nyumba kati hatujaikodisha. Nimeambiwa na watu wa biashara kwamba ni chumba bora kuliko vyote, chenye baridi kuliko vyote, ningepata pesa. Hapana. Mimi nimezaliwa mle.

Kuna kosa tulilifanya ambalo nataka kulisema kwa sababu naona majirani bado wanalirudia. Miaka ya tisini ukuta wa ndani ulianza kumenyeka, mjomba akaleta saruji kutoka Mombasa akaupiga plasta yote, ukang'aa, wote tukafurahi. Miaka miwili haikuisha. Ukuta wa matumbawe unapumua, unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa nje kupitia chokaa, ukiuziba kwa saruji ule unyevu na chumvi yake haina pa kutokea, basi inasukuma kwa ndani, plasta ikaanza kuvimba kama mkate, ikaanguka na vipande vya zidaka za zamani vikaenda nayo. Zidaka kumi na moja. Kazi ya mafundi waliokufa zamani, michoro ambayo hakuna aliyeipiga picha. Ilibidi tubandue saruji yote kwa patasi mwaka mzima turudi kwenye chokaa, ile ya kuchoma matumbawe kwa kuni, kuimwagia maji na kuiacha ikae mpaka ilainike kama siagi. Fundi wetu huyu wa sasa anaiacha miezi. Ukimharakisha anakwambia, "Mwanangu, chokaa haina simu." Tunamngoja.

Halafu birika. Msafara wote wa wageni huishia kwenye birika. Ni ile tangi ya mawe chooni ya kutawadhia na kuogea, na ndani tunafuga visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa pamejengewa kisahani cha kauri ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa wasife. Chetu kimepasuka ukingoni, kina maua ya buluu. Bibi alikuwa akitufundisha kuchota kwa kata polepole, unazamisha ukingo mmoja kwanza, ukichota kwa nguvu unamtoa samaki. Nawafundisha wageni hivyo hivyo, na nimeona watu wazima, wakurugenzi wa makampuni yao huko, wamechuchumaa wanachota maji kwa adabu kama watoto wa chuo cha Kurani.

2001 mji wa kale ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na hapo madalali wakaanza kupita mlango kwa mlango. Nyumba nyingi zimeuzwa, hapa Mkomani na hasa kule Shela. Simlaumu aliyeuza, paa la nyumba hizi likianza kuvuja linakula mali ya familia nzima, na mtu ana watoto wa kusomesha. Baadhi ya walionunua wamezitunza vizuri kweli kweli. Lakini nyumba iliyouzwa hufungwa miezi kumi kwa mwaka, daka lake halina mtu, na usiku ukipita kile kichochoro hakuna harufu ya chakula.

Miaka migumu kwetu ilianza 2011. Mwezi wa tisa na wa kumi watalii walitekwa nyara visiwani huku na nchi zao zikawakataza kuja, katika wiki moja daftari letu lote la disemba likafutika. Tukaanza kuinuka, 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, damu za watu, na baadaye kafyu kaunti nzima, jioni kila mtu ndani. Wavuvi wakakatazwa bahari ya usiku. Mimi nakumbuka ule ukimya, saa moja ya usiku mji wa Lamu kimya, punda tu. Bibi alikuwa hai bado, mgonjwa, kila jioni anauliza, "Yuu mna mtu?" Tunamjibu hamna. Alifariki kaskazi iliyofuata na siku ile sabule ilikuwa na watu, wanafunzi wawili wa Nairobi, walishuka wakasaidia kubeba viti vya matanga.

Baada ya bibi ndo mambo ya mirathi. Watoto watatu, mama, khalati (dada yake mama) na mjomba, kwa sheria ya Kiislamu mjomba nusu, mama na khalati robo robo. Na dalali ana mteja, bei aliyotaja sitaiandika lakini kila mtu alinyamaza aliposema. Mjomba alikuwa na haki yake, yuko Mombasa, ana watoto chuo kikuu, na hakusema uzeni kwa ukali, alisema tu, "Dada zangu, mimi nimechoka kulipia paa nisilolala chini yake." Khalati alilia. Mama hakulia, alikwenda kabatini akaleta vile vitabu vya majina, vitabu tisa, akaviweka mbele yake akamwambia, "Basi vifungue utwambie ukurasa wa mwisho ni upi." Mjomba akafungua cha kwanza. Akaanza kusoma majina, akawa anakumbuka, huyu alinifunza kuogelea kwa mgongo, huyu aliniachia redio, ikafika alasiri bado anasoma.

Tulikubaliana tumlipe fungu lake kidogo kidogo kutokana na pesa ya gesti. 2020 korona ikaja, miezi mingi hatukumlipa hata senti na yeye hakuuliza. Bado tunamlipa. Siku hizi anapokuja Idi analala sabule, anasema yeye sasa ni mgeni.

Mimi kazi yangu ni upande wa simu, bukingi, picha, kujibu watu wa Airbnb usiku wa manane, na kuwaambia mapema kwamba hapa hakuna gari hata moja la kuwafikisha mlangoni, mizigo inakuja na punda au mkokoteni, kwamba adhana ya alfajiri wataisikia vizuri, na Ramadhani mchana chakula chao kitaletwa chumbani kwa staha. Mama na khalati ndo wenye nyumba. Sinia la asubuhi bado linafunikwa kawa na bado linaachwa ngazini, hata kwa mgeni mwanamke ambaye angeweza kushuka akala nasi jikoni, na wengi hushuka siku ya pili ya tatu, wanakaa juu ya kibao cha mbuzi wanakuna nazi.

Leo boriti ya nne imepanda. Kuzipata nako kulikuwa kazi, tangu lile zuio la kukata miti la 2018 kila kitu ni kibali na kungoja, na mimi naona sawa, mikoko ikiisha hata hizi nyumba hatutakuwa na cha kuzitengenezea. Fundi alipotoa ile boriti ya pembeni iliyooza zaidi, chini yake ukutani pametokea kishimo kidogo kama kidaka kilichozibwa kwa chokaa. Akaniita. Nikapanda. Ndani mlikuwa na kokwa tatu za tende, kavu, nyepesi kama unyoya. Za nani sijui, za mtu aliyekuwa juu ya dari hii inajengwa au ikitengenezwa, amekula tende zilizokuja na kaskazi fulani akaziacha pale.

Nikashuka nazo kiganjani nikamwonesha mama. Akaziangalia, akazigeuza kwa ncha ya kidole. "Zirudisheni," akasema. Tumezirudisha, fundi kapaka chokaa juu, na boriti mpya imelala hapo.